Mathias Mnyampala: Mgogo Aliyewapandisha Wanafunzi Jukwaani



Likizo ya Desemba iliyopita baadhi yetu mafrateri tulipangiwa utume Mtera, pale ambapo barabara ya Dodoma kwenda Iringa inavuka bwawa la Mto Ruaha Mkuu. Tulisali na waamini wa vigango, tulitembelea wagonjwa, na jioni tuliwasaidia kujisomea wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita waliokuwa nyumbani. Vijana hao wana kikundi chao cha sanaa: kwaya, maigizo na ngonjera. Sisi tulihesabu miezi iliyobaki kufika mtihani wa Mei, tukawashauri wa kidato cha sita waache kikundi hadi wamalize shule. Tuliona ni ushauri wa busara. Wazazi wengi walitushukuru, na binti mmoja wa mchepuo wa HKL, aliyekuwa nguzo ya kikundi, alirudisha daftari la ngonjera bila kusema neno.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akatuuliza kama tunamjua mtu aliyeziingiza ngonjera katika shule zetu, na kama tunajua kwao ni wapi. Tulitazamana. Tunasoma falsafa ya Wayunani na ya Wajerumani, lakini hatukujua kwamba mtu huyo alikuwa Mkatoliki wa Dodoma hii hii. Makala hii ni namna yetu ya kulipa deni hilo.

Mtoto wa mwaka wa njaa

Mathias E. Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Ulikuwa mwaka mgumu wa kuzaliwa Ugogo. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita juu ya nchi: majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakataa. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya. Ilidumu hadi mwaka 1920, na inakadiriwa kwamba iliua watu 30,000 kati ya watu 150,000 wa eneo hilo. Maana yake, katika kila watu watano alizikwa mmoja. Mathias alikuwa miongoni mwa watoto waliopona.

Alisoma katika shule za misheni ya Kanisa Katoliki. Zilikuwa shule zenye vitabu vichache, ambako katekisimu na kusoma vilikwenda pamoja. Masomo yake ya darasani hayakuwa marefu. Akiwa bado kijana aligeuka kuwa mwalimu, akiwafundisha wengine kile kidogo alichokuwa nacho. Baadaye aliingia katika utumishi wa serikali kama karani, akapanda hadi kuwa liwali, na mwishowe hakimu.

Tukumbuke pia nchi ilivyokuwa. Katika ujana wake Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Chuo Kikuu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, kikianza na kitivo cha sheria. Wakati huo Mnyampala alikuwa amevuka miaka 40. Mlango ule ulifunguliwa kwa ajili ya watoto wa kizazi kingine.

Mwanafunzi asiye na chuo

Je, mtu wa namna hiyo alisoma wapi? Alisoma kwa wazee. Kazi ya serikali ilimkutanisha na watu wa koo mbalimbali, naye aliwauliza habari za asili yao, watemi wao, mvua zao, ndoa zao na mazishi yao. Alichokusanya alikiandika kwa Kiswahili, ingawa lugha ya mama yake ilikuwa Kigogo. Mwaka 1954 kikatoka kitabu chake kiitwacho Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Mwaka 1995 kilichapishwa kwa Kiingereza, na leo wasomi wa vyuo vikuu wakitaka kuandika juu ya Ugogo hawawezi kumkwepa mtu huyu ambaye yeye mwenyewe hakupata kukaa katika ukumbi wa mihadhara.

Alisoma pia katika ushairi. Hapa alihitaji moyo, kwa sababu ushairi wa Kiswahili ulihesabiwa kuwa mali ya watu wa pwani, waliozaliwa na lugha ile na kulelewa katika Uislamu. Mkatoliki kutoka bara, tena kutoka nchi kavu ya Dodoma, angeweza kuonekana mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Mnyampala alijifunza vina na mizani kwa bidii hadi washairi wenzake wakamkubali. Diwani ya Mnyampala ilitoka mwaka 1963, na Waadhi wa Ushairi mwaka 1965. Imani yake hakuiacha mlangoni: alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi, akichukua umbo ambalo kwa karne nyingi lilibeba habari za Mtume Muhammad na kulitumia kusimulia habari za Yesu. Sisi tunaojiandaa kuhubiri tunapaswa kuliangalia jambo hili kwa makini. Hakutunga umbo la kigeni kwa ajili ya Injili. Alikwenda shule kwa majirani zake, akajifunza vizuri, ndipo akasema lililo lake.

Ngonjera zaingia shuleni

Mwaka 1967 nchi yetu ilipata Azimio la Arusha, na mwezi mmoja baadaye Elimu ya Kujitegemea. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere aliwaita washairi na kuwaomba wasaidie kuyafikisha mawazo hayo kwa wananchi. Mnyampala wakati huo alikuwa mwenyekiti wa UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Jibu lake lilikuwa ngonjera.

Wengi wetu tumecheza ngonjera tangu shule ya msingi bila kujiuliza ni kitu gani. Ni shairi la kujibizana. Wanasimama watu wawili au zaidi, kila mmoja na beti zake zenye vina na mizani. Mara nyingi mmoja hajui au hakubali, na mwingine anajua. Wa kwanza anatoa hoja, wa pili anajibu. Wanaendelea hivyo hadi asiyekubali akubali, na mwisho wanasema pamoja. Haisomwi kitini. Inasemwa kwa kichwa, kwa mikono, kwa uso, mbele ya watu.

Hekima ya Mnyampala iko katika kuchagua nani aseme. Aliona kwamba wanafunzi ndio wanaofaa. Mtoto wa shule anayesimama mbele ya wazazi na viongozi akijibizana kwa vina analazimika kwanza kushika maneno moyoni, kisha kuyaelewa, kisha kuyatamka hadi mtu wa nyuma kabisa asikie. Shule nchi nzima zilizipokea. Siku ya wazazi, ziara ya kiongozi au sikukuu ya taifa ikawa haijakamilika bila ngonjera.

Yeye mwenyewe hakuyaona mengi ya hayo. Alifariki Juni 1969 mjini Dodoma, akiwa na umri wa miaka 50 na ushee. Ngonjera za UKUTA, kitabu cha kwanza, kilichapishwa mwaka 1970, na cha pili mwaka 1971. Waliozikariri walikuwa wakisema maneno ya marehemu.

Lawama iliyo ya haki

Hatutaki kumsifu Mnyampala kwa upofu. Baada ya kifo chake wahakiki wa fasihi walizilaumu ngonjera, na lawama yao ina uzito. Walisema kwamba ubishi wake si ubishi wa kweli. Mshindi anajulikana tangu ubeti wa kwanza, na asiyekubali amewekwa pale ili ashindwe. Walisema pia kwamba zilipozidi kutumika kwenye mapokezi ya viongozi, zikawa nyimbo za kusifu tu, na mwanafunzi akajifunza kukubali badala ya kufikiri.

Tulipofika hapa katika kusoma kwetu, tulikumbuka darasa letu wenyewe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anapoanza swali lolote katika Summa yake, haanzi na jibu lake. Anaanza na hoja za wanaompinga, tena anazieleza kwa nguvu kiasi kwamba msomaji asiye mwangalifu hudhani ndizo anazoziamini yeye. Ndipo anajibu, na baada ya jibu anairudia kila hoja na kuitendea haki. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya vyuo vikuu vya zama zake: mwanafunzi hakuhesabiwa amejua jambo mpaka aweze kulitetea mbele ya anayelikataa.

Ngonjera ni ndugu wa njia hiyo. Mnyampala aliwapa watoto wa wakulima umbo lenye viti viwili, cha anayesema ndiyo na cha anayesema hapana. Kama kiti cha pili kikakaliwa na mjinga wa kuchekwa, kosa si la umbo, ni la mtungaji. Na pengine tumsamehe mtungaji aliyekuwa akijibu wito wa nchi changa yenye haraka. Sisi hatuna haraka ile. Tunaweza kumpa anayekataa hoja nzuri.

Turudi Mtera

Hapo ndipo tulipoona tumekosea. Vijana wetu wanajiandaa kwenda chuo, nasi tulifikiri maandalizi ni mitihani iliyopita na majibu yake. Mitihani iliyopita ni ya lazima, hatubishi. Fomu za mikopo na za kuomba vyuo nazo hazijazwi kwa shairi. Lakini kijana atakayefika chuo kikuu ataambiwa asimame mbele ya wenzake na kutetea hoja yake kwenye semina. Ataulizwa maswali asiyoyatarajia. Wengine hufika huko na alama nzuri wakanyamaza muhula mzima, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwasimamisha. Na tulikuwa tunamwondolea binti yule jukwaa, kitu pekee pale Mtera kilichokuwa kinamfundisha kusimama.

Tuliwaita vijana, tukawaomba radhi, na tukakaa na wazazi. Si wote walioridhika. Mama mmoja alitukumbusha kwamba ada ya mwanawe imetoka kwenye mbuzi na samaki, na kwamba akifeli hakuna atakayemlipa kwa kuwa alicheza vizuri. Hakuwa mama wa kupuuzwa, na hatukumpuuza. Tulikubaliana kikundi kikutane Jumamosi tu, kwa saa moja na nusu, na siku nyingine zote ziwe za vitabu. Kwa wa kidato cha sita, sanaa ingesimama kabisa miezi miwili kabla ya mtihani.

Jumamosi ya kwanza walitunga ngonjera kuhusu nyavu zenye macho madogo, zinazokamata perege wachanga bwawani. Binti yule alichagua kuwa mvuvi anayezitumia. Tulimwomba asiwe mjinga wa kuchekwa. Alikwenda kwa baba yake mdogo, ambaye ni mvuvi, akamuuliza, akarudi na hoja ambazo sisi hatukuwa nazo: bei ya nyavu halali, deni la duka, watoto wanaokula leo na si mwakani. Aliyepangwa kumjibu alikwama. Ilibidi aende naye kutafuta, na alirudi Jumamosi iliyofuata na jibu lililokuwa bora mara mbili ya lile la kwanza. Walipoisema kigangoni baada ya Misa, wazee walibaki wamekaa wakibishana hadi jua lilipokuwa kali. Yule mama wa mbuzi na samaki alibaki pia.

Hatujui mtihani utawaendeaje. Tunawaombea, na tunaomba nawe uwaombee. Tunachojua ni kwamba vijana wale walifanya katika wiki mbili kile tunachojifunza sisi seminarini kwa miaka mitatu: kumsikiliza anayekataa mpaka umwelewe, ndipo umjibu.

Ewe mzazi, kabla hujamkataza mwanao kwaya au ngonjera, muulize kwanza inamfundisha nini, kisha mpangieni muda pamoja. Ewe mwanafunzi, jukwaa lisiwe kisingizio cha kukimbia kitabu. Nasi mafrateri, tusitoe ushauri kwa watu ambao historia yao hatujaisoma.

Na ukisafiri kutoka Morogoro kuja Dodoma, kabla hujafika mjini utapita Ihumwa. Mkumbuke mtoto aliyezaliwa hapo mwaka wa Mtunya, umwombee Mathias raha ya milele.