Ibn al-Nafis na Mishipa Inayoulisha Moyo

Hapana shaka ndugu msomaji amepata kulisikia jina la Ibn Sina. Ibn al-Nafis hatajwi sana huku kwetu pwani, hali ya kuwa ni mtu wa madhehebu yetu ya Kishafii, naye alifariki kabla ya kujengwa zile nyumba za mawe za Jumba la Mtwana zilizo jirani nasi hapa Mtwapa.

Alizaliwa upande wa Damascus yapata mwaka 1213. Akasoma utabibu katika hospitali ya al-Nuri, kisha akahamia Cairo, akawa akitibu wagonjwa na kusomesha fiqhi katika madrasa ya Masruriyya. Elimu hakuigawa mafungu mawili kama wafanyavyo baadhi ya watu wetu, wakadhani kuwa kwa kuigawa ndiyo wameihifadhi dini.

Mwaka 1242 aliandika sharhi ya yale aliyoyasema Ibn Sina juu ya viungo vya mwili. Ilikuwa imekubaliwa tangu zama za Galen kwamba damu hupenya ukuta ulio baina ya vyumba viwili vya moyo. Ibn al-Nafis alikataa. Ukuta ule ni mnene na hauna tundu. Damu hutoka chumba cha kulia ikenda mapafuni, ikachanganyika na hewa, ndipo ikarejea chumba cha kushoto. Tena akampinga Ibn Sina katika jambo la pili, lisilotajwa sana, nami naliona kubwa: moyo haulishwi na damu iliyomo vyumbani mwake, bali na mishipa iliyoenea katika nyama yake wenyewe. Alimheshimu mwalimu, na kosa akaliita kosa.

Waandishi wa tarjama wasimulia kuwa siku moja alikuwa hamamuni, akatoka kabla hajamaliza kuoga, akataka wino na karatasi, akaandika risala nzima juu ya mpigo wa mshipa, kisha akarejea kuoga.

Mpigo huo kwa mtu mzima aliyetulia huwa baina ya 60 na 100 kwa dakika. Mishipa ya moyo hupata damu yake nyingi moyo unapolegea baina ya pigo na pigo. Ukienda mbio, muda huo wapungua na kazi yazidi. Siku hizi picha za mionzi huonyesha mafuta na chokaa zilizoganda katika mishipa hiyo, na baadhi ya uchunguzi umeona kuwa maradhi hayo huzidi kwa wenye mapigo ya haraka hali wametulia. Lakini mpigo ni shahidi mmoja tu. Mtu aweza kuwa na mapigo 65, na mshipa umekaribia kuziba. Wako miongoni mwetu ambao, mgonjwa akilalamika kifua, humshika mkono, wakiona mpigo umetulia husema ni gesi, wakamnywesha tangawizi mpaka asubuhi. Maumivu yanayobana kifua, yakaenea mkononi au tayani, pamoja na jasho, ni ya kupelekwa hospitali saa ile ile.

Alifariki Cairo mwezi wa Disemba 1288. Yasemwa kuwa katika maradhi yake matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kuwa dawa, akakataa. Nyumba yake na vitabu vyake aliviachia hospitali ya al-Mansuri. Ile khabari ya damu na mapafu ikasahauliwa, Wazungu wakainasibisha kwa watu wao, mpaka mwaka 1924 tabibu wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoionyesha kutoka katika mswada wa sharhi ile uliokuwa maktabani Berlin.