Hakuwa na Digrii, Lakini Alituliza Hesabu Zote: Cheki Maisha ya Dirichlet

Ukitoka Lodwar ukielekea Ferguson's Gulf, kabla ufike Kalokol kuna mawe meusi yamesimama kando ya barabara. Wasee wa huko husema ni watu waligeuzwa mawe. Ripoti ya wataalamu ya 1978 ilihesabu nguzo 19. Na 19 ni namba tasa, yaani haigawanyiki na kitu ingine ila 1 na yenyewe.

Namba tasa ikishapita 5, lazima iishie na 1, 3, 7 ama 9. Sasa hizi za 9, kama 19, 29, 59, 79 na 89, huwa zinaendelea tu ama kuna mahali zinakata? Msee alijibu hiyo swali ni Mjerumani, Peter Gustav Lejeune Dirichlet.

Alizaliwa Düren, 13 Februari 1805, buda yake akiwa mkubwa wa posta. Hata kabla afikishe miaka 12, pesa ya mfukoni ilikuwa inaishia kwa vitabu vya hesabu. 1822 akahepa kwenda Paris, ju vyuo vya kwao hesabu ilikuwa imelala. Kufika, akashikwa na ndui. Akapona, na 1823 akapata job ya kufunza familia ya Jenerali Foy Kijerumani. 1825, akiwa na miaka 20 pekee, akapeleka kazi yake kuhusu swali la Fermat mbele ya wazee wa sayansi wa Paris.

Noma ni karatasi. Hakuwa na digrii, na kuongea Kilatini ilimlemea, na bila Kilatini wakati huo hauingii. Bonn ikamwokolea na udaktari wa heshima 1827, akaingia Breslau, kisha Berlin. Lakini hiyo maneno ya Kilatini ilimfuata hadi 1851. Imagine, miaka zaidi ya 20 unafunza na bado unadaiwa karatasi!

Na ni katikati ya hiyo vita, 1837, ndio aliangusha ile kubwa. Anza na 9, ruka 10 kila mara: 9, 19, 29, 39, 49, 59. Zingine zinaanguka, 39 ni 3 mara 13, lakini Dirichlet alionyesha tasa haziishi hapo. Aliangalia sehemu kama 1/19, 1/29, 1/59, akaonyesha ukizijumlisha zote, jumla inapanda bila kikomo. Kama zingekuwa zinakata mahali, jumla ingesimama.

So kama namba yako ya simu inaishia na 1, 3, 7 ama 9, kuna namba tasa zisizo na mwisho zinazoishia na hiyo namba yako yote. Mpaka 100, za 1 ni tano, za 3 saba, za 7 sita, za 9 tano. Ukienda mbali zinakaribia kulingana.

1832 alioa Rebecka Mendelssohn, dadake Felix yule wa muziki. Inasemekana mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, barua kwa baba mkwe ilikuwa hesabu tu: 2 + 1 = 3. Jamaa hakuwa mtu wa kuandika barua.

1855 alichukua kiti cha Gauss huko Göttingen. 1858 moyo ukamsumbua akiwa Uswisi, na Desemba, yeye akiwa bado mgonjwa, Rebecka akafariki. Alimfuata 5 Mei 1859, miaka 54. Bongo yake ilihifadhiwa Göttingen, kama ile ya Gauss.