Ndugu wa Mekatilili Hawakuvikwa Nishani

Kila ninapowafundisha wanafunzi wangu jinsi majina ya watu yanavyoundwa, huanza na jina la Mekatilili. Bibi huyu alizaliwa karibu na Bamba, katika nchi ya Wagiriama, katika karne ya 19, akaitwa Mnyazi wa Menza. Alipojifungua kifungua mimba wake, Katilili, ndipo akaitwa Mekatilili, yaani mamake Katilili. Ulimwengu unamjua kwa jina la mwanawe, na anayetaka kumwelewa hana budi kuanzia hapo.

Mnyazi alikuwa binti pekee kwa wazazi wake. Ndugu zake wa kiume walikuwa wanne. Mmoja wao, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, wala hakuonekana tena. Aghalabu tunapoyasimulia maisha ya bibi huyu huanza na mwaka 1913. Kwa maoni yangu, yaanze siku nyumba ya Menza ilipopungukiwa na kijana mmoja.

Serikali ya Kiingereza ilipomtuma Arthur Champion kwa Wagiriama kudai kodi na vijana wa kufanya kazi nje ya kwao, Mekatilili aliona jambo alilokwisha kuliona. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na watu wakamfuata. Katika Kaya Fungo wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayemtumikia mkoloni. Husimuliwa pia kwamba alimpa Champion changamoto amnyang'anye kuku kifaranga chake. Kuku alimdonoa, na mzungu akampiga risasi. Fumbo lilikuwa wazi kwa kila mzazi aliyekuwapo.

Mnamo Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakarejea pwani kwa miguu, safari ya mamia ya kilomita. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Wagiriama waliposhindwa walitozwa rupia 100,000, wakaamriwa kuhama kaskazini ya mto Sabaki, na kutoa vijana 1,000 wa kubeba mizigo ya vita. Mekatilili alikamatwa tena mwezi huohuo wa Agosti, wala hakuachiliwa hadi 1919. Alifariki katika miaka ya 1920, akazikwa Bungale, Magarini.

Ndugu msomaji, askari wa KAR waliopigana vita hivyo walivikwa nishani, na jina la mwenye nishani huandikwa daftarini. Mpagazi je? Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Katika jiji la Nairobi kuna sanamu ya shaba ambapo mpagazi amesimama pamoja na askari, lakini huyo ni mpagazi asiye na jina. Lugha ndiyo iliyowakumbuka: jina la kikosi chao, lililotamkwa kwa ulimi wa Mswahili, likawa Kariakoo, na leo mtu hununua nyanya Kariakoo ya Dar es Salaam asijue kwamba amesimama palipokuwa kambi yao.

Mjini Malindi Mekatilili amejengewa sanamu, na ni haki yake. Hata hivyo, tukimfundisha kama shujaa aliyecheza ngoma na kumkabili mzungu, kisha tukanyamaza kuhusu vijana aliowapigania, tumemvisha nishani tukaisahau sababu yake.

Walimu wa Kilifi na Malindi, nawaomba jambo moja. Muhula ujao, watumeni wanafunzi kwa wazee wao waulize ni nani katika ukoo aliyechukuliwa kwenda Kariakoo, na kama alirudi. Majina yatakayopatikana yaandikwe, hata yakiwa matatu tu. Wajukuu wa wapagazi wale wangali hai, ila wanapungua kila mwaka, na Mwarandu mmoja anatosha.