Paul Taffanel

Paul Taffanel (Bordeaux, 16 Septemba 1844 – Paris, 22 Novemba 1908) alikuwa mpiga filimbi, mwongozaji wa okestra, mtunzi na mwalimu wa muziki kutoka nchini Ufaransa. Anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa Kifaransa wa kupiga filimbi, ambao wanafunzi wake waliueneza hadi Marekani.

Maisha ya awali

Taffanel alifundishwa muziki kwanza na baba yake. Baadaye alikwenda Paris akawa mwanafunzi wa Louis Dorus. Wakati huo wapiga filimbi wa Ufaransa walikuwa wamegawanyika. Theobald Boehm wa Munich, Ujerumani, alikuwa ameunda filimbi mpya yenye matundu makubwa yanayozibwa kwa vifuniko vya kubonyeza. Sauti yake ilikuwa na nguvu zaidi na noti zake zililingana vizuri. Lakini Jean-Louis Tulou, profesa wa filimbi katika Konservatori ya Paris, aliikataa na kushikilia ile ya zamani. Mwaka 1860 Dorus alichukua nafasi ya Tulou, na filimbi ya Boehm ikaingia darasani. Mwaka huohuo Taffanel alipata tuzo ya kwanza ya filimbi. Alipata pia tuzo za harmonia (1862) na fuga (1865).

Kazi ya upigaji

Taffanel alipiga filimbi kwa miaka mingi katika okestra ya Opera ya Paris na katika Société des Concerts du Conservatoire, okestra mashuhuri ya jiji hilo. Mwaka 1876 alitunga kwinteti kwa ajili ya filimbi, obo, klarineti, honi na basuni, ambayo hupigwa hadi leo.

Mwaka 1879 alianzisha chama cha muziki wa ala za kupuliza. Kabla ya hapo, maonyesho ya vikundi vidogo mjini Paris yalitawaliwa na vinanda na ala za nyuzi. Chama hicho kilifufua kazi za Mozart zilizokuwa zimesahauliwa na kuwavutia watunzi wapya. Charles Gounod alikitungia Petite symphonie ya ala 9 mwaka 1885. Mwaka 1887 Taffanel alisafiri Urusi pamoja na Camille Saint-Saëns.

Mwongozaji na mwalimu

Mwaka 1892 alichaguliwa kuongoza Société des Concerts. Mwaka uliofuata alikuwa mwongozaji katika Opera na pia profesa wa filimbi katika Konservatori. Uteuzi huo haukuwa wa kawaida, kwa sababu waongozaji waliomtangulia walikuwa wapigaji wa ala za nyuzi. Hata hivyo ulikuwa na gharama: ilimbidi kuacha kupiga hadharani, na chama chake kikafikia mwisho mwaka 1893. Mwaka 1898 aliongoza mjini Paris onyesho la kwanza la nyimbo takatifu za mwisho za Giuseppe Verdi.

Darasani alimshughulikia kila mwanafunzi kadiri ya uwezo na mahitaji yake. Alitaka sauti safi kuliko mbwembwe za vidole, akarudisha kazi za Johann Sebastian Bach. Kwa mitihani ya mwaka alitumia kazi mpya za watunzi wa wakati wake, zikiwemo Fantaisie ya Gabriel Fauré (1898) na Concertino ya Cécile Chaminade (1902). Leo ni sehemu ya masomo ya kawaida ya wapiga filimbi duniani.

Kifo na urithi

Kwa sababu ya afya mbaya aliacha kuongoza Société des Concerts mwaka 1901. Alipofariki, kitabu chake cha mafunzo ya filimbi kilikuwa hakijakamilika. Mwanafunzi wake Philippe Gaubert alikimalizia, kikachapishwa mwaka 1923.

Mwanafunzi mwingine, Georges Barrère, alihamia New York mwaka 1905 na kufundisha huko. Kati ya aliowafundisha ni William Kincaid, ambaye alikuwa mpiga filimbi mkuu wa Okestra ya Philadelphia tangu 1921 hadi 1960, naye akawalea wapigaji wengi wa okestra za Marekani.