Kamanda Cousteau, Ofisa wa Mizinga Aliyeilinda Bahari

Leo tunawaletea wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wa jeshi na polisi, maisha ya marehemu Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Ufaransa. Wengi wanamkumbuka kama yule mzee mwembamba mwenye kofia nyekundu ya sufu aliyeonekana katika filamu za bahari. Ni wachache wanaofahamu kwamba alianza kazi akiwa ofisa wa mizinga, na kwamba bahari hiyo aliyokuja kuitetea mbele ya mataifa, aliwahi kuilipua kwa baruti. Tutayaeleza yote mawili, kwa maana kumsimulia marehemu nusu nusu si kumtendea haki.

Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux. Mwaka 1930 aliingia chuo cha maofisa wanamaji cha Brest. Shabaha yake ilikuwa urubani wa ndege za kijeshi, lakini katikati ya miaka ya 1930, mafunzo yakiwa yanaendelea, alipata ajali mbaya ya motokaa iliyomvunja mikono. Urubani ukaishia hapo. Sisi tuliopitia chuo cha kadeti tunajua jinsi kijana anavyojisikia anapoondolewa katika kikosi alichokiota tangu utotoni.

Alihamishiwa bandari ya Toulon, na huko ofisa mwenzake, Philippe Tailliez, akamshauri aogelee ili mikono ipate nguvu. Siku moja mwaka 1936 Tailliez akampa miwani ya kuzamia. Cousteau alitumbukiza kichwa majini akaona mwani, miamba na samaki, umbali wa hatua chache tu kutoka barabara ya mji. Tangu siku hiyo yeye, Tailliez na mwindaji samaki hodari Frédéric Dumas hawakutengana na maji.

Tatizo lilikuwa hewa. Mzamiaji wa zamani alivaa kofia kubwa ya shaba na viatu vya risasi, akafungwa kwenye bomba la hewa kama mbuzi kwenye kamba. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoiangusha Ufaransa, Cousteau alishiriki kazi za siri dhidi ya Waitalia, na kwa ajili ya hayo akatunukiwa nishani. Wakati huohuo alimtafuta mhandisi Émile Gagnan mjini Paris. Kwa kuwa petroli ilikuwa adimu chini ya Wajerumani, Gagnan alikuwa ametengeneza vali ya kuendeshea magari kwa gesi. Vali hiyo ndiyo waliyoigeuza.

Inafaa tueleze inavyofanya kazi. Mtu ashukapo kila mita 10, mgandamizo wa maji huongezeka kwa kiasi kilekile cha mgandamizo wa hewa ya nchi kavu. Katika mita 10 ni maradufu, katika mita 30 ni mara nne. Kifua kikibanwa hivyo hakiwezi kuvuta hewa hafifu ya kutoka juu. Vali ya Gagnan ilitoa hewa ya mtungini pale tu mzamiaji alipovuta pumzi, nayo ikatoka kwa mgandamizo sawasawa na ule wa maji yaliyomzunguka. Walipoijaribu katika mto Marne mapema mwaka 1943, ilifanya vema alipolala kifudifudi; aliposimama hewa ikabubujika ovyo, na alipoinamisha kichwa chini ikawa haba. Sababu ilikuwa kwamba tundu la kutolea pumzi na lile la kuingizia hewa yalikuwa katika vina tofauti. Wakayaweka pamoja, na tatizo likakwisha. Mtu akawa huru majini.

Baada ya vita Jeshi la Wanamaji liliunda mjini Toulon kikosi cha utafiti wa chini ya bahari, chini ya Tailliez, na Cousteau akiwemo. Kazi yao ilikuwa kuondoa mabomu yaliyotegwa baharini na kuchunguza meli zilizozama. Mwaka 1947 mmoja wao, Maurice Fargues, alishuka kupima kikomo cha vilindi. Naitrojeni iliyo katika hewa, ikigandamizwa mno, humlevya mtu kama pombe. Ishara za kamba zilipokoma walimvuta juu, wakahangaika kwa saa nyingi kumrudishia uhai, wasifaulu. Alama ya mkono wake ilikutwa kwenye kibao kilichoning’inizwa mita 120.

Mwaka 1950 tajiri mmoja alinunua meli kuukuu iliyokuwa ya kufagia mabomu ya baharini, akamkodishia Cousteau kwa faranga moja kwa mwaka. Hiyo ndiyo Calypso. Lakini meli hula fedha, na mwaka 1954 Cousteau alikubali kazi ya kampuni ya mafuta katika Ghuba: wazamiaji wake walibandua mawe chini ya bahari ya Abu Dhabi ili yachunguzwe. Mwaka 1958 mafuta yalipatikana katika bahari hiyo.

Kisha ikaja filamu ya Ulimwengu wa Kimya, iliyotunukiwa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956. Humo wazamiaji wanalipua mwamba wa matumbawe kwa baruti, eti wapate kuhesabu aina za samaki. Humo pia mtoto wa nyangumi anajeruhiwa na panga la meli, papa wanamjia, na mabaharia wanawaua papa hao kwa hasira. Polisi waliowahi kuwakamata wavuvi wa baruti katika pwani ya Tanzania wanajua mambo hayo: samaki wachache huelea, wengi huzama bure, na matumbawe yaliyovunjika huchukua miaka mingi kuota tena. Kisingizio cha sayansi hakipunguzi uharibifu huo, na hatuoni sababu ya kumfichia marehemu.

Mabadiliko yake hayakuja kwa siku moja. Mwaka 1957 alikabidhiwa Makumbusho ya Bahari ya Monaco. Mwezi Oktoba 1960 Tume ya Nishati ya Atomiki ya Ufaransa ilikusudia kutupa mapipa ya takataka za nyuklia katika Mediterania. Cousteau alisimama hadharani kuipinga serikali aliyoitumikia kwa sare. Wananchi wa pwani wakaamka. Wanawake na watoto wakaketi juu ya reli, na treni iliyobeba mzigo huo ikarudishwa ilikotoka. (Wenzetu wa polisi wafikirie ofisa aliyeikuta reli ile asubuhi hiyo.)

Hata hivyo, mwaka 1963 alikuwa bado anaota kuifanya bahari kuwa makao ya binadamu. Huko Shaab Rumi, katika Bahari ya Sham upande wa Sudan, wanaume watano waliishi mwezi mzima katika nyumba ya chuma, mita 10 chini ya maji, na sehemu ya gharama ililipwa na sekta ya mafuta. Baadaye ndoto hiyo aliiacha. Kila aliporudi katika vilindi alivyovizamia ujanani alikuta samaki wamepungua na uchafu umeongezeka, na hakuwa ameambiwa na mtu, alikuwa ameona. Mwaka 1973 alianzisha chama cha kuhifadhi bahari, na filamu zake za televisheni zikaingia majumbani mwa watu ambao hawajawahi kulowa maji ya chumvi. Uzeeni alikusanya sahihi za watu ili uchimbaji wa madini uzuiwe katika bara la barafu la kusini. Mkataba wa kuuzuia ulitiwa sahihi mjini Madrid mwaka 1991.

Mwanawe Philippe, mzamiaji na rubani, alikufa mwaka 1979 ndege yake ilipoanguka katika mto Tagus karibu na Lisbon. Calypso ilizama katika bandari ya Singapore mwezi Januari 1996 baada ya kugongwa na tishari. Mwenyewe alifariki Paris tarehe 25 Juni 1997, akazikwa katika mji aliozaliwa.

Huko Shaab Rumi banda la chuma alilolitumia kuwekea chombo chake cha kuzamia lilibaki chini ya maji. Matumbawe yameota juu yake, na wazamiaji wa siku hizi huenda kulitazama.