Ernst May: mkimbizi aliyejifunza jua na upepo wa kwetu

Ndugu msomaji, hasa wewe uliyerudi kutoka ukimbizini na wewe unayepita mpakani na mizigo kila wiki, leo nakuletea habari za mtu aliyefariki zamani. Hakunijua mimi wala nyumba yangu, lakini bila yeye mama yangu angekuwa ameshaondoka Bujumbura.

Mwanzo wa yote ni chumba. Nilikimbia nchi mwaka 1993 nikiwa mtoto, nikasoma katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, nikarudi nikiwa mwalimu. Nilipopata kiwanja kidogo nilijenga haraka kama wengi wetu: matofali, mabati, mlango wa chuma, basi. Sebuleni palikuwa na nafuu. Chumba cha mama, upande wa magharibi, kilikuwa tanuri. Kilikuwa na dirisha moja, na ilipofika saa kumi alasiri hata ukuta ulichoma mkono. Mama akaanza kulala koridoni. Siku moja akasema kwamba kambini tulilala vizuri zaidi, na kwamba akipata nauli atarudi Kasulu. Aliyewahi kungoja miaka mingi kurudi nyumbani anajua uchungu wa maneno hayo.

Nilinunua feni. Ikazungusha joto lile lile, na umeme ulipokatika tulibaki tunatazamana. Ndipo nilipokuwa natayarisha somo kuhusu miji, nikakutana na maisha ya Ernst May.

May alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1886. Kuanzia 1925 hadi 1930 alisimamia ujenzi katika mji huo, zikajengwa nyumba zaidi ya 10,000 za watu wa kipato cha kawaida. Kwao adui ni baridi na unyevu, kwa hiyo alipanga mitaa ili kila nyumba ipate jua na hewa safi. Jina lake likavuma duniani. Mwaka 1930 alikwenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji mipya kama Magnitogorsk. Kazi ilipokwisha, Wanazi walikuwa wameshika madaraka Ujerumani, na njia ya kurudi kwao ikawa imefungwa.

Mwaka 1934 akaja Tanganyika. Mtu aliyejenga mji mzima akawa mkulima karibu na Arusha. Sisi tuliokuwa ukimbizini tunamwelewa bila kufafanuliwa: tumewaona wahasibu wakilima vibarua na mafundi wakiuza kuni. Baadaye alihamia Nairobi na kurudia uchoraji wa majengo. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa alikuwa Mjerumani.

Lililonigusa zaidi ni kwamba huku Afrika ilimbidi aigeuze elimu yake. Kwao alilikaribisha jua ndani ya nyumba. Huku alilazimika kulizuia na kuukaribisha upepo. Karibu na ikweta jua la mchana hupita juu ya paa, na asubuhi na jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Kwa hiyo nyumba yenye ukuta mrefu unaotazama magharibi itaungua kila jioni. Tena hewa ya moto hupanda juu, na isipopata pa kutokea hukaa chini ya bati ikiwangoja wenye nyumba.

Kati ya 1945 na 1947 May alitengeneza mpango wa kuupanua mji wa Kampala. Tuseme ukweli: mpango ule ulifuata desturi ya kikoloni ya kuwatenga Waafrika, Wahindi na Wazungu katika maeneo yao, na hilo ni doa. Lakini mfanyabiashara anayekwenda Kampala aingie siku moja katika Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kiira. Jengo lile alilichora May, likafunguliwa mwaka 1954, na matundu yake ya juu huingiza mwanga na hewa bila mashine.

Nilipoyasoma hayo niliikagua nyumba yangu upya. Nilitundika kipande chepesi cha kanga dirishani kwa mama. Mlango ukifungwa, hakikutikisika. Mlango ukifunguliwa, kilipepea. Nikaelewa kwamba upepo ulikuwa na pa kuingilia ila haukuwa na pa kutokea. Hapa Bujumbura mchana upepo hutoka ziwani, usiku hushuka kutoka milimani, na mimi nilikuwa nimeizibia njia zote mbili.

Fundi akatoboa matundu juu ya mlango wa mama na mengine juu ya ukuta wa mashariki wa koridoni, yote tukayawekea wavu wa mbu. Chini ya mabati tukaweka dari ya matete, au plafo kama tunavyosema hapa, na juu yake tukaacha matundu pande mbili ili joto la bati litoke. Paa la magharibi tukalirefusha kidogo lifunike dirisha, na mbele yake nikapanda mipapai. Saa kumi bado kuna joto, sidanganyi. Lakini ikifika saa mbili usiku chumba kimepoa, na mama analala kitandani mwake. Habari za nauli ya Kasulu hazisikiki tena.

May naye alirudi kwao baada ya karibu miaka 20 Afrika, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 65. Aliikuta nchi iliyobomolewa na mabomu, akashika kazi ya kupanga makazi mapya hadi uzeeni. Alifariki Hamburg mwaka 1970, akiwa na miaka 84.

Ndugu yangu mrejea, tumerudi nyumbani lakini wengi tunajenga kama wageni wa jua letu wenyewe. Kabla hujamwita fundi, kaa kiwanjani siku nzima. Tazama jua linapozama na uulize upepo unatoka wapi. Mjerumani yule alijifunza hayo ugenini. Sisi tunajifunza kwetu.