Yves du Manoir

Yves du Manoir (11 Agosti 1904 – 2 Januari 1928) alikuwa mchezaji wa raga na mwanajeshi kutoka nchini Ufaransa.

Alizaliwa Vaucresson, karibu na Paris. Alisoma uhandisi katika École Polytechnique, chuo kilicho chini ya jeshi, huku akiichezea klabu ya Racing Club de France. Alicheza namba 10: ndiye aliyepokea mpira ulipotoka kwenye skramu na kuamua papo hapo kukimbia nao, kuutoa pasi au kuupiga teke.

Tarehe 1 Januari 1925 aliichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Ireland katika uwanja wa Colombes. Hadi mwaka 1927 alikuwa amecheza mechi 8 za kimataifa.

Alifariki akiwa na umri wa miaka 23, katika mtihani wa urubani wa kijeshi. Ndege yake iligonga miti kwenye ukungu huko Reuilly. Siku hiyohiyo Ufaransa ilicheza na Uskoti mjini Colombes.

Mwaka huohuo uwanja wa Colombes ulipewa jina lake. Mwaka 1931, raga ya Ufaransa ilipochafuliwa na vurugu na malipo ya siri kwa wachezaji, Racing ilianzisha mashindano ya Challenge Yves du Manoir ili kuhimiza mchezo wa ridhaa. Uwanja huo ulitumika kwa mpira wa magongo katika Olimpiki ya 2024, ukiwa bado na jina lake.